Umri wa Siku Tatu

Brandi iliyozeeka ni divai ya zabibu iliyochemshwa, mvuke wake ukanaswa na kupozwa, kisha maji makali yaliyopatikana yakafungiwa ndani ya pipa la mwaloni kwa miaka. Huko Cognac, Ufaransa, kinywaji hakiruhusiwi kuuzwa kwa jina la mji huo kabla hakijakaa pipani miaka 2. Cha daraja la VSOP hukaa angalau miaka 4, na cha XO, tangu 2018, angalau miaka 10. Siku kinapoingia pipani hakina rangi yoyote. Hudhurungi yake, harufu ya vanila na ya matunda makavu, na ulaini unaomfanya mnywaji apige funda dogo na kutulia, kwa sehemu kubwa huzaliwa ndani ya mbao. Fundi wa mapipa huuchoma kwanza upande wa ndani. Moto huvunjavunja ligini, kile kitu kigumu kinachoshikilia nyuzi za mti, na katika masalia yake hupatikana vanilini, ileile inayoipa vanila harufu yake. Kwa hiyo ukiuondoa ulevi, yanayobaki ya kusifiwa katika brandi ni mambo yanayoweza kupatikana hata pasipo zabibu wala pombe: mti uliounguzwa na mtu anayejua kiasi, chombo kilichochaguliwa, na kazi iliyoachwa ikomae kwa wakati wake.

Waliojaribu kuwatengenezea wasiokunywa brandi isiyo na kileo wameanzia mahali pagumu. Mwaka 2015, Mwingereza Ben Branson alipoingiza sokoni Seedlip, maji yaliyopikwa kwa mimea yenye harufu kwa njia ya vinywaji vikali, alikuwa na mfano wa jini mbele yake. Na jini hufuatika, kwa kuwa harufu yake hutoka kwenye mbegu, maganda na majani yanayotiwa wakati wa kupika. Brandi haifuatiki hivyo. Kileo ndicho kinachoingia katika mbao na kuvuta humo vitu ambavyo maji peke yake hayavimudu, na ndicho kinachokilinda kinywaji kisioze miaka yote hiyo. Juisi ya zabibu ikitiwa pipani miaka 10 haikomai; inaharibika. Ndiyo maana viigizo hutegemea sukari iliyounguzwa kwa ajili ya rangi, pilipili au tangawizi kwa ajili ya ule moto wa kooni, na matone ya vanila badala ya mti ambao haukuguswa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka brandi iwe na kileo kisichopungua asilimia 36, basi hata jina lenyewe havina haki nalo. Katika maduka makubwa ya Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, asiyekunywa anayetafuta kitu cha heshima cha kuweka mezani huishia kwenye juisi ya zabibu yenye gesi, iliyovishwa chupa ya kifahari ili ifanane na mvinyo. Hukata kiu vizuri, lakini hakuna aliyeingojea.

Mbadala wa kweli umo kwingine, na Dzaleka ni mahali pazuri pa kuutafuta. Makazi hayo ya wakimbizi yako wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe. Yalifunguliwa 1994 katika eneo lililokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, yakikusudiwa kuhifadhi watu elfu kumi na kitu. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka mashariki mwa Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Wasomali na Waethiopia. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Wamo Wapentekoste, Waadventista na Waislamu wengi ambao pombe hawaigusi, na wamo wazee ambao kwao mgeni hawezi kukaribishwa kwa maji matupu. Mahari haizungumzwi mbele ya meza kavu, wala matanga hayaanuliwi bila kitu cha kupitisha mikononi. Watu hao walifika na vinywaji vyao vitamu, ambavyo kwao vilisimama kando ya pombe vikiwa na heshima ileile, mara nyingi vikitoka katika chungu kilekile. Hivyo ndivyo ndugu halisi wa brandi iliyozeeka.

Kilicho karibu zaidi na zabibu za Cognac ni nabidhi. Zabibu kavu au tende huoshwa, hutiwa katika maji safi jioni na kuachwa mpaka asubuhi, tunda likayapa maji rangi na utamu wake bila kuguswa na moto. Katika Sahihi Muslim, Ibn Abbas anasimulia kwamba Mtume alikuwa akirowekewa zabibu kavu, akanywa siku hiyo, kesho yake na keshokutwa, hadi jioni ya siku ya tatu. Kilichobaki baada ya hapo hakukinywa tena. Ni kipimo cha ajabu kwa uwazi wake, kwa sababu hakihitaji chombo cha maabara. Kinaheshimu pia ukweli ambao wapishi wote wa vinywaji vitamu wanaujua: utamu haukai mahali pamoja, uko safarini kuelekea ukali, na ustadi ni kujua pa kuukatizia njia. Tena Mtume aliwahi kuwakataza watu wasiroweke nabidhi katika vyombo fulani, kibuyu kikiwa kimojawapo, kisha akaruhusu vyombo vyote mradi kinywaji kisileweshe. Katazo hilo la mwanzo linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kutunza kibuyu. Kuta zake zina vinyweleo. Chachu ya juzi hujificha humo ikasubiri tunda la leo, na kinywaji kikageuka upesi kuliko mwenye nacho anavyodhani. Chombo si kitu kilichokufa. Jambo hilo litarudi mbele.

Kinachofuata ni umutobe wa Burundi na Rwanda, nao unastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu ndio unaopotea kwa kasi zaidi. Hutengenezwa kwa ndizi za pombe, zile chungu ambazo mbichi haziliwi. Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado kijani, hupangwa ndani ya shimo lililotiwa joto, hufunikwa kwa majani ya mgomba na udongo, na kuachwa siku nne au tano. Mwenye shimo halifukui kwa kubahatisha, hunusa. Harufu ikitoka ardhini yenye utamu mzito, ndizi ziko tayari; ikitoka na ukali, amechelewa. Zikishamenywa hutiwa katika umuvure, mtumbwi wa mti mmoja uliochongwa kwa kazi hiyo tu, na kukandwa pamoja na nyasi kavu. Mwanzoni mikono huzunguka katika rojo zito lisilotoa chochote. Mkandaji asiyejua hukata tamaa hapo, au huongeza maji, na akiongeza maji amekwisha kuharibu. Anayejua huendelea kukanda kwa mwendo uleule, nyasi zikilishika rojo na kulikamua, mpaka ghafla juisi inaanza kutiririka pembeni mwa umuvure, angavu, ya rangi ya asali iliyokolea. Hakuna tone la maji lililoingia. Juisi hiyo ndiyo umutobe, kinywaji cha watoto, cha kina mama na cha wote wasiokunywa. Ikitiwa mtama uliosagwa na kuachwa siku mbili tatu, inageuka kuwa pombe ya ndizi. Ikinywewa siku hiyohiyo, ni tamu kiasi cha kuhitaji funda dogo, na uchungu wa mbali unaobaki ulimini unakumbusha mti.

Dzaleka haina mahali pa umutobe. Vibanda vimebanana, na shimo la ndizi linataka ua. Mgomba unataka bonde na miaka. Malawi yenyewe imepoteza migomba mingi kwa ugonjwa wa virusi unaodumaza mmea na kukusanya majani yake kileleni kama ufagio. Ulionekana nchini katika miaka ya 1990, ukayamaliza mashamba mengi ya kusini, hasa Thyolo na Mulanje, na tangu hapo masoko ya Lilongwe yamelishwa kwa sehemu kubwa na ndizi za Tanzania na Msumbiji. Hizo ni ndizi mbivu za kula. Zikikandwa hutoa uji, si juisi. Hata hizo huja na kuondoka kwa amri: Machi 2025 Malawi ilizuia kwa muda uingizaji wa ndizi, mahindi, mchele na tangawizi kutoka nje, na mwezi uliofuata Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi. Kijana aliyezaliwa Dzaleka na wazazi Warundi huenda akalijua jina umutobe kama linavyojulikana jina la mto wa mbali. Umuvure haujawahi kumpita machoni. Kazi ya mikono isiyofanywa kwa miaka 30 haibaki katika kumbukumbu za wazee peke yao ikiwa hai. Hubaki hadithi, na hadithi haikamui ndizi.

Kimea kimesalia, na kwa sababu kimesalia ndicho kinachobeba sasa heshima yote ya vinywaji vitamu vya makazi hayo na ya mji. Watanzania hukitumia kwa togwa, Wamalawi kwa thobwa, Wanyarwanda kwa ubushera wa mtama. Watu wa Katanga wana munkoyo, unaoulainisha uji kwa mizizi ya porini badala ya nafaka iliyomea, na mzizi huo unapokosekana kimea hushika nafasi yake. Vinywaji hivi vyote vinasimama juu ya tendo moja: punje imedanganywa kwamba mvua imefika. Ikiamini, inaanza kufungua ghala lake la wanga ili imlishe mche, na mtu anaisimamisha katikati.

Kuidanganya punje kunahitaji ukweli mwingi. Ulezi, ambao Wamalawi huuita mawere na hulimwa zaidi kaskazini, ndio unaopendwa kuliko mtama, kwa kuwa hauoti ukungu kirahisi na utamu wake ni safi. Lazima uwe ulezi wa mwaka huo, uliokaushwa shambani wala haukupitishwa motoni, na usiwe mbegu ya dukani iliyopakwa dawa, kwani dawa hiyo ni sumu. Unga wa msaada haumei. Mahindi yaliyokobolewa hayamei. Kwa hiyo anayetaka kimea lazima awe na nafaka nzima na awe tayari kuizuia isiingie chunguni siku ambayo watoto wangefurahi kuila. Huloweshwa usiku mmoja na mchana, humwagwa maji, kisha hutandazwa katika kikapu au gunia lililofunikwa. Hapo unaanza ulezi wa ulezi wenyewe. Hunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Hugeuzwa kwa vidole vilivyotanuliwa ili punje zisishikane na kupata joto. Nyanda za Lilongwe na Dowa ziko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huko ni baridi hasa. Miezi hiyo kikapu husogezwa karibu na mafiga na kuota huchukua siku nne badala ya mbili. Oktoba, joto linapopanda, siku mbili zinaweza kuwa nyingi mno.

Alama ya kusimamisha hujulikana kwa jicho, si kwa kitabu. Kizizi cheupe kinapokuwa kirefu kama punje mara mbili hivi, na jani la kijani bado halijachungulia, ndipo. Kikipita hapo, mche umeanza kula utamu uliokusudiwa kinywaji; kikiwa kifupi, ghala bado limefungwa. Mtama hudai tahadhari zaidi, kwa sababu chipukizi lake na mizizi yake huwa na sumu ya sianidi. Mwenye ujuzi hukipukuta kimea cha mtama mikononi kikishakauka, mpaka vizizi vyote vimekatika na kupeperushwa kwa ungo. Kuna wauzaji wa siku hizi wanaosaga vyote pamoja ili uzito uongezeke. Wazee hawakuhitaji jina la sumu hiyo ili wapepete. Walijua kwamba kimea kisichopepetwa huleta uchungu, nao uchungu uliwatosha kama onyo.

Kukausha ni juani, katika tabaka jembamba, kwa siku mbili au tatu. Wapo wanaokaanga ili waharakishe, nao hawaelewi wanachokiua: nguvu inayogeuza wanga kuwa sukari huzimwa na moto mkali, na kinachobaki ni unga wenye harufu nzuri usioweza kazi. Kikikauka taratibu, kimea hutunzika miezi mingi katika chombo kisichopitisha unyevu, na katika vinywaji hivi vitamu hiki ndicho kitu pekee kinachostahili kweli kuitwa kilichowekwa.

Uji hupikwa kwa mgaiwa, unga wa mahindi usiokobolewa, mzito kiasi cha mwiko kusimama. Kisha hungojewa. Kimea kikitiwa ndani ya uji unaochemka, kimekufa. Kikitiwa ndani ya uji uliopoa, hulala. Joto linalofaa liko kati ya nyuzi 60 na 65, na halipimwi kwa kipimajoto bali kwa sufuria: mkono ukiweza kuigusa kwa muda wa pumzi moja tu na kuondoka, wakati umefika. Unga wa kimea hutiwa kidogo kidogo, mwiko ukizunguka polepole. Na hapo hutokea jambo ambalo kila aliyekulia karibu na jiko la togwa analikumbuka hata akisahau mengine yote. Uji mzito unalegea. Hakuna maji yaliyoongezwa, hakuna moto uliowashwa, lakini mwiko uliokuwa ukikwama unaanza kuelea; mwanzo pembeni, kisha kote, na katika muda mfupi kilichokuwa kikikatika kwa vipande kinamiminika. Watoto walioitwa kutazama hulamba mwiko kabla na baada, kwa kuwa ladha nayo imehama: uji uliokuwa bapa sasa ni mtamu bila chembe ya sukari. Wanakemia huiita kazi hiyo kazi ya amilesi, inayokata wanga kuwa sukari ya kimea. Maelezo yao ni sahihi, na hayapunguzi ajabu yake hata kidogo. Kutia sukari ya dukani katika uji na kuuita thobwa, kama ilivyoenea, ni kumnyima mtoto tendo hilo lote.

Baada ya hapo wapishi hutofautiana. Wamalawi wengi huirudisha thobwa jikoni ichemke tena, kwa muda mrefu, mpaka utamu unaunguzwa kidogo na rangi inakolea kuelekea hudhurungi; Watanzania wengi huiacha togwa ipoe na ilale usiku mzima. Katika kulala huko vijidudu vya maziwalala huingia kazini na kuipa uchachu. Uchachu huo ni ulinzi pia. Mtafiti wa Tanzania Rose Kingamkono na wenzake walichapisha 1999 utafiti ulioonyesha kwamba vijidudu vinavyoleta kuhara vilipungua kwa watoto wadogo waliolishwa uji wa nafaka uliochachuka namna hiyo. Mahali kama Dzaleka, ambako foleni ya maji ni ndefu na vyoo ni vichache, jambo hilo si dogo.

Ndipo swali la chombo linarudi. Pipa la mwaloni lina mwenzake Afrika Mashariki, naye ni kibuyu kilichofukizwa. Wanawake wa Kisomali huwasha vijiti vya miti iliyochaguliwa, huviingiza vikiwaka ndani ya chombo cha maziwa, hukifunika kidogo, hukitikisa, kisha hufuta majivu. Banyankole wa Uganda hufukiza vyombo vyao vya maziwa kwa moshi wa nyasi. Wakalenjin wa Kenya husugua ndani ya kibuyu makaa ya mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa ya mursik, ambayo huachwa humo siku kadhaa au hata majuma. Ndiyo yale wanayopewa wakimbiaji wao wanaporudi nyumbani na medali. Wote hao, pasipo kuonana na fundi wa Cognac, waligundua alichokigundua: mti ukiunguzwa kwa kiasi hutoa harufu tamu, na kinywaji kikigusana na ukuta uliounguzwa huichukua harufu hiyo na kuwa kitu kingine. Moshi wa mti na pipa lililochomwa ni watoto wa ligini ileile.

Kibuyu cha togwa hutunzwa kwa njia hiyohiyo, ijapokuwa moshi wake huwa mwepesi zaidi. Kipya huwa kichungu. Hujazwa maji na kumwagwa kwa siku nyingi mpaka uchungu uishe. Kisha hukaushwa, hufukizwa, na kupewa kinywaji chake cha kwanza, ambacho hakinyweki na kila mtu anajua hivyo. Cha pili ni afadhali. Kuanzia cha kumi au zaidi, kibuyu kina tabia yake, na togwa inayotoka humo haifanani na ya jirani hata kama kimea kilikuwa kimoja. Kibuyu cha namna hiyo hakiazimwi hovyo. Kikipata ufa hushonwa kwa uzi wa mkonge au waya mwembamba, na mshono hupakwa nta, kwa sababu kukitupa ni kutupa miaka ya moshi na chachu ambayo pesa haiwezi kuirudisha. Binti aliyeolewa mbali angeweza kupewa kipande cha urithi kisichoonekana: kibuyu kidogo kilichokwisha kufundishwa kazi na mama yake.

Waliokimbia vita usiku hawakubeba vibuyu. Walibeba watoto, godoro, labda sufuria. Dzaleka kinachoshika togwa leo ni dumu la manjano la mafuta ya kupikia na ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Dumu halifukiziki, litayeyuka. Halina vinyweleo, kwa hiyo halikumbuki lolote la maana. Linachokumbuka ni mafuta, na mafuta hayo hayatoki hata lioshwe kwa mchanga. Kuni nazo ni shida, kwani vilima vya karibu vimekatwa miti, na mkaa unaonunuliwa kwa kopo hauwezi kutumika kwa kufukiza tu. Yapo maelezo ya kila kitu kilichopotea hapo, na hakuna wa kulaumiwa miongoni mwa waliopoteza. Lilongwe haina udhuru huo. Katika mji ambao vibuyu vinafika sokoni kutoka vijijini kila msimu, vinanunuliwa vichorwe, vipakwe vanishi na kutundikwa ukutani. Chombo kilichopaswa kufundishwa kazi kinafanywa pambo kabla hakijaonja kinywaji chochote.

Pamoja na hayo, jambo moja la kale limeendelea kuishi, nalo ni umri. Katika soko la Dzaleka mnunuzi hafungui mdomo kuuliza bei kabla hajauliza siku. “Mama, ni ya leo ao ya jana?” Muuzaji hujibu bila kuficha, maana uongo wake ungegundulika kwa funda la kwanza. Ya leo ni tamu, nzito, ya watoto na ya wajawazito. Ya jana ndiyo inayotakiwa na wengi: utamu umepungua, uchachu umepanda, na katikati yake pana uwiano ambao mzee mwenye ulimi mzuri huufananisha na kitu cha kutafunwa. Ya juzi ni kali na inachonyota. Wapo wanaoipenda, lakini mchungaji na shehe huikwepa, kwa kuwa hapo chachu imeanza kutoa kileo kidogo, na ikiachwa siku moja zaidi itakuwa pombe kamili. Daraja hizo tatu hupimwa kwa usiku, kama zile za Cognac zinavyopimwa kwa miaka, na mpaka wa mwisho ni uleule wa nabidhi. Mpishi mzuri hupika akijua arusi ni siku gani. Akiambiwa wazee watakaa Jumamosi saa nane mchana, hutia kimea Ijumaa mapema, na wageni hufikiwa na togwa ya jana ikiwa katika saa yake bora.

Mjini umri huo umefutwa. Thobwa huuzwa stendi na kando ya masoko ya Lilongwe katika chupa za soda zilizotumika, zikiwa zimegandishwa ili zisibadilike, na kinywaji kilichogandishwa hakina siku. Viwanda navyo hutoa aina yao ya uji mtamu wa mahindi, wenye sukari na ladha ya ndizi au stroberi, iliyofungwa isichache kabisa. Ni salama na ni rahisi kubeba. Lakini kinywaji kilichozuiliwa kubadilika hakiwezi kupevuka, na mtoto aliyezoeshwa ladha moja isiyosogea hukunja uso anapopewa ya jana kwa bibi yake. Upande wa pili wa meza, vinywaji vikali vya bei ya chini katika vichupa vya plastiki vinashindana na thobwa kwa sarafu zilezile. Tanzania ilivipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, Machi 2017, na kila mpika togwa aliyekuwa akiuza karibu na kituo cha bodaboda alikuwa na sababu ya kushukuru.

Nafaka yenyewe imekuwa ngumu kupatikana. Machi 2024 Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 za Malawi kwa sababu ya ukame, na katika mwaka wa namna hiyo punje ya kuoteshwa huonekana kama anasa, ingawa kimea hakitupi chakula, hukigeuza tu. Mwaka uliotangulia, 2023, serikali ilikuwa imewaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Maduka yao Lilongwe yalifungwa, na pamoja nayo zikaondoka meza ndogo za kina mama wa Kikongo na Kirundi. Mtu wa mjini anayetaka kimea cha ulezi kilichopepetwa na kukaushwa juani taratibu sasa hana budi kupanda basi kwenda Dowa siku ya soko, au anunue gulioni chimera, kimea kilicho tayari, ambacho kwa kawaida husagwa kwa kuwafikiria wapika pombe.